Ubao wa Kwanza Mlangoni

Vijana wa karakana, siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, ingawa mtu aliyestaafu ndiye hasa asiyehitaji saa. Nimeitundika na inakwenda vizuri. Mkaniomba pia niwaandikie mambo ya kazi, na mmoja wenu akauliza lile ambalo kila mwenye nyumba huuliza: sakafuni niweke mbao au plastiki? Nilinyamaza, mkadhani masikio yangu yamechoka. Nilisikia. Jibu lake ni refu kidogo, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Siku yangu ya kwanza kazini sikujenga kitu, nilibomoa. Tulipelekwa Biharamulo kung'oa sakafu ya nyumba ya zamani iliyokuwa inaezuliwa, mimi nikiwa na msumari wa inchi sita mfukoni kwa kujidai kwamba nami ni fundi. Aliyenipokea ni Mzee Bernardo, mzaliwa wa Keza, mfupi, mwenye kidole gumba kilichokatwa nusu na msumeno. Hakuniuliza jina. Alisema, "Vua viatu, jinyooshe hapo, weka sikio chini."

Nikalala kifudifudi kwenye mbao za mvule zilizokuwa na umri kuliko baba yangu. Mzee akaenda upande wa pili wa chumba akagonga kwa nyundo ya mti, mara moja tu. Sauti ilikuja chini yangu, ikapita, ikaendelea mpaka ukutani. Kisha, baada ya kitambo, ikarudi. Nilinyanyuka haraka. Mzee alikuwa ameshaweka nyundo chini.

"Umesikia?" akaniuliza. "Chini ya sakafu ya mbao kuna chumba kingine. Kifupi tu, na bado ni chumba. Usikisahau."

Tulipong'oa ubao wa sita tulikuta kitana, kijiko, na kiatu kimoja cha mtoto. Vumbi lilikuwa kila mahali, ila kwenye kile kiatu halikuwepo. Nilitaka kukichukua nikaonyeshe watu. Mzee akakirudisha palepale kwa mikono miwili, akakigeuza ncha ielekee mlangoni. "Sisi tumefuata mbao tu," akasema, tukaendelea na kazi. Kusema kweli niliogopa, na nikaona aibu kuogopa kiatu.

Kwa Mzee Bernardo nilijifunza miaka minane. Alinifundisha kuujua mninga kwa harufu, kunoa randa mpaka inyoe nywele za mkono, na kutozipanga mbao za gogo moja katika vyumba viwili. Hili la mwisho ndilo lililokuwa dini yake. Mbao za sakafu moja alizitoa kwenye gogo moja, akazipanga kwa zamu ileile zilivyokaa ndani ya mti, na upande wa chini wa kila ubao, kwenye kichwa chake, alikata alama kwa patasi. Kwanza alama ya nyumba, ambayo kila mteja alikuwa na yake. Halafu namba: mkato mrefu ni kumi, mkato mfupi ni moja. Ubao wa kwanza ulikaa mlangoni siku zote, ule wa mwisho ukaishia ukuta wa nyuma.

Mara moja nilizipiga randa alama zile ili mbao zipendeze. Alinikasirikia siku mbili. "Usifute arama, mwanangu," alisema, kwa kile Kiswahili chake ambamo herufi "l" haikuwa na makazi. "Mbao za gogo moja zinajuana. Ukizitenganisha, moja ikinyeshewa Ngara, nyingine itavimba huko Biharamuro." Nilicheka moyoni. Nilikuwa nimesoma mpaka darasa la saba na nilijua unyevu ni unyevu.

Ikaja ile operesheni ya kuhamia vijijini. Karakana ilitumwa kupita kwenye maboma yaliyoachwa Keza kuokota milango na miimo ambayo ingefaa shule mpya. Nimefanya kazi nyingi ngumu, lakini ile siipendi hata kuikumbuka. Nyumba zilikuwa zimesimama, migomba imebeba ndizi zilizoiva zikaoza mtini, na vijia vilikuwa bado havijaota majani. Ukifika uani unabisha hodi kwa mazoea. Kwenye boma moja nilibisha, na Mzee Bernardo akaitikia "karibu" kutoka nyuma yangu, akasema hakupenda nyumba ikae bila kuitikia.

Boma la tatu tulimkuta mtu. Alikuwa Mama Deusi, jirani wa Mzee tangu ujana, mjane wa miaka hamsini hivi. Alikuwa amekwisha kuhamia Nyamiaga na mwanawe Deusi na binti yake Skola, ila amerudi kwa miguu. Alipiga magoti sebuleni akichimba sakafu ya udongo kwa jembe dogo na kujaza kikapu.

"Shikamoo, Mama," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Nachukua sakafu yangu. Mume wangu nimemwacha pale nyuma, siwezi kumbeba. Lakini hapa ndipo alipopita kila siku, na hapa napabeba."

Mzee Bernardo alimsaidia kujitwika kikapu kichwani. Mama alitembea nacho mpaka Nyamiaga, na kwa miaka minne kilikaa pembeni mwa kibanda chake, kimefunikwa jani la mgomba ambalo alilibadilisha likikauka.

Deusi alikua akaingia jeshini. Kila alipopata likizo alifyatua matofali na kuyachoma, na vijana wa kijiji wakamsaidia kupandisha ukuta. Mwaka ule ambao mwishoni mwake vita vilikuja, nyumba ilikuwa imeezekwa na kubaki sakafu. Mama alimwita Mzee Bernardo, naye miguu ilikuwa imeanza kumgomea, akanituma mimi. Mzee na mimi tulikuwa tumepasua gogo la mninga huko Kaniha, tukalikausha mwaka mzima chini ya banda. Mbao ishirini na nne, nyekundu, zimenyooka.

Nilipofika nazo nikakuta Deusi amerudi likizo na maboksi kutoka Mwanza. Ndani mlikuwa na vipande virefu vya plastiki, vimechorwa mistari na macho ya mti, unavibandika kwa gundi nyeusi juu ya saruji. Nilikuwa sijawahi kuviona. Nilikishika kimoja nikakinusa, kikanuka kama kandambili mpya.

"Fundi Leonsi," akaniambia Deusi, "mwambie mama. Hii haiingii mchwa. Haitaki nta. Ukimwaga maji unafuta, basi. Hizo mbao zako zitavimba masika na kupasuka kiangazi, na yeye ndiye atakayepiga magoti kuzisugua."

Kila alilosema lilikuwa kweli, na hata leo ni kweli, andikeni. Mbao inataka nafasi chini ipite hewa, inataka boriti zilizopakwa dawa, inataka mtu wa kuitunza. Plastiki inataka saruji iliyonyooka tu, na ikichakaa unabandua kipande kimoja na kuweka kingine. Upungufu wake ni kwamba ni baridi kwa nyayo, na ubovu wa chini yake hauonekani mpaka umechelewa.

Mama Deusi alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akachukua kipande kimoja, akakiweka chini, akakanyaga. Akakanyaga tena kwa nguvu.

"Haina sauti," akasema.

"Sauti ya nini, Mama?"

"Wewe unakaa huko kambini mwaka mzima. Ukirudi na mimi nipo jikoni, nitajuaje kama umeingia? Baba yako nilimjua kwa hatua. Nataka sakafu inayoniambia."

Deusi akacheka, akanitazama. "Fundi, amua wewe."

Niliamua mbao. Nilisema sebule iwe mninga na vyumba vya kulala viwe plastiki, nikajiona nina hekima. Tukazitandaza mbao zote uani, mahali pa wazi, kwa zamu yake, kuanzia namba moja hadi ishirini na nne, ili nione zinavyokaa. Alama ya nyumba ya Mama Deusi niliikata kikapu: nusu duara na mistari miwili juu yake.

Deusi alikuwa ametoka kubeba mawe ya chini ya sakafu, kifua wazi, jasho linamchuruzika. Alizitazama mbao, akasema zinamwita, akajilaza chali katikati yake. Akanyoosha miguu, akakunja mikono kifuani, akafumba macho. "Nzuri kulalia," akasema. "Nipime, Fundi."

"Ondoka hapo!" Mama alipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Sikuwahi kumsikia akipaza sauti namna ile. "Deusi, ondoka hapo sasa hivi!"

Akainuka anacheka. Jasho la mgongo wake lilibaki kwenye mbao, mabega mawili na mstari wa uti katikati, juu ya namba kumi na mbili na kumi na tatu. Jua lilikuwa kali, saa saba mchana, na kila tone la maji uani lilikauka mara moja. Alama ile ilichukua muda mrefu. Ilikauka kuanzia pembeni, polepole, ikawa nyembamba, na mimi nikasimama naitazama mpaka ikaisha. Sikumwambia mtu.

Mbao nilizipima nikaona zinahitaji miezi mitatu zaidi ya kukauka, nikazirudisha bandani. Deusi akarudi kambini. Kabla miezi mitatu haijaisha vita vilikuwa vimeingia mkoani, magari ya jeshi yanapita mchana kutwa, na Skola anakimbilia barabarani kutazama kila uso juu ya kila lori.

Amri ilifika karakana Jumatatu asubuhi. Mbao zote kavu zitolewe, tutengeneze majeneza. Mkuu wetu alisoma karatasi, akaikunja, akasema, "Zote," halafu akatoka nje akasimama huko. Zilizokuwa kavu hazikuwa nyingi, na kavu kuliko zote zilikuwa zile ishirini na nne za Mama Deusi.

Hazikuwa mali ya karakana. Ningeweza kuzificha, na nilifikiria. Nikaenda kwanza kwa Mzee Bernardo. Alikuwa kitandani, hawezi kusimama, akanisikiliza akiwa amefumba macho. "Muurize mwenyewe," akasema. "Usimwamurie tena."

Nikapanda baiskeli mpaka Nyamiaga. Mama Deusi alikuwa anamenya maharage. Nilimweleza, sikumficha kitu: kwamba ni za majeneza, kwamba ni za askari, kwamba akikataa hakuna atakayejua. Aliendelea kumenya.

"Ukitumia mbao mbichi inakuwaje?" akauliza.

"Zinapinda, Mama. Zinaachia."

Akaweka ungo chini. "Hao ni watoto wa watu. Wape. Mimi nitatandika plastiki ya Deusi, si ndiyo aliyoitaka? Lakini ule wa mlangoni niachie. Huo mmoja tu."

Basi mbao ishirini na tatu ziliingia majenezani, na mikono iliyozikata ni hii. Tulifanya kazi kuanzia jua linachomoza hadi linazama, watu watano. Jeneza moja, la pili, la tatu. Alama sikuzifuta. Si kwa kusahau. Niliinua randa nikaisikia sauti ya Mzee, nikaweka upande wenye alama ndani, nikapigilia. Mbao zipi zilikwenda jeneza lipi, wallahi sikuangalia.

Jumamosi mbili zilizofuata nilimwaga saruji kwa Mama Deusi nikabandika plastiki nyumba nzima. Mlangoni niliacha shimo la upana wa ubao, nikaweka vipande viwili vya boriti. Kabla sijafunga, Mama alileta kile kikapu cha Keza akamimina udongo wote humo chini, akausawazisha kwa kiganja. Nikalaza namba moja juu yake, nikapigilia. Nikaukanyaga, ukatoa sauti nzito, fupi, na kutoka jikoni Mama akasema, "Nimesikia."

Mwezi wa kwanza, kile kiangazi kifupi, aliniita. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tatu na vumbi lilikuwa limefunika majani ya kahawa. Mlango wa mbele ulikuwa hausogei. Nilidhani bawaba. Nikapiga magoti nikaona ubao umevimba mpaka umeukaba mlango kwa chini. Nilipoweka mkono ulikuwa umelowa. Haukuwa na unyevunyevu tu. Ulikuwa umelowa hasa, na baridi.

"Umedeki, Mama?"

"Sijadeki tangu juzi. Na plastiki, tazama, ni kavu."

Nilifikiri ni ule udongo, kwani udongo hunyonya maji. Nikang'oa misumari, nikauinua ubao. Udongo wa Keza ulikuwa mkavu kama unga wa mhogo. Nilichota nikaupuliza, ukapeperuka. Na ubao niliokuwa nimeushika mkononi ulikuwa unadondosha maji kutoka upande wenye alama, tone moja baada ya jingine.

Mama Deusi aliutazama. Mimi sikuweza kumtazama yeye. Maneno ya Mzee Bernardo yalinijia kichwani na nikayafukuza, nikasema hali ya hewa, nikasema mbao ina mambo yake. Niliurudishia. Jioni ya siku hiyo nilitetemeka mpaka mke wangu akanichemshia dawa ya malaria, nikainywa bila kumwambia kwamba sina malaria.

Habari za Deusi zilikuja baada ya siku tisa. Karatasi ilisema amefariki, na amezikwa na wenzake kwa heshima kaskazini mwa mkoa. Haikusema zaidi ya hapo. Ndugu walikuja, kanisani wakasali, lakini Mama hakulia na hakukubali matanga yaanuliwe. Kila aliyefika kumpa pole alimwuliza swali lile lile: "Walimlaza kwenye nini?" Alikuwa amesikia wengine walifungwa kwenye turubai. Hilo ndilo lililomkaba. Aliniuliza na mimi, nikasema sijui, na kweli sikujua. Ila niliogopa kujua.

Vita vilipokwisha, mchana mmoja, Skola alinifuata karakana akisema kuna askari nyumbani na mama ananihitaji. Askari huyo alikuwa kijana mrefu, jina lake Zakayo, mwenyeji wa Kaniha, aliyekuwa kikosi kimoja na Deusi. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, kofia magotini.

"Mwulize mbele ya fundi," Mama akajiambia mwenyewe, kisha akamgeukia. "Mwanangu, walimlaza kwenye nini?"

"Jeneza, Mama. La mbao. Zuri." Akaigeuza kofia. "Nilikuwa miongoni mwa waliombeba. Ardhi huko ilikuwa imeloa, kuna chemchemi karibu, tukachelewa kwa sababu shimo lilikuwa linajaa maji. Nikakaa na kifuniko magotini nikisubiri. Ndani kulikuwa na michoro ya patasi, nikawa naipapasa kwa kidole. Sijui ni ya nini."

"Mchoro gani?" Sauti ilikuwa yangu.

"Kama kikapu. Nusu duara na mistari miwili juu. Halafu mkato mrefu na miwili mifupi. Na ubao wa pembeni yake, mrefu na mitatu mifupi."

Nilihesabu mikato. Kumi na mbili na kumi na tatu. Nikamwuliza ilikuwa siku gani, akataja wiki, na ilikuwa wiki ile niliyoitwa kufungua mlango.

Nilisimulia yote, kwa sababu Mama alikuwa amenikazia macho na hakukuwa na pa kujificha. Nilipomaliza aliinuka kitini. Alikwenda mpaka mlangoni, akaketi chini, akauweka mkono wake wazi juu ya ule ubao. Nilitegemea atanilaani. Nilistahili.

"Nilisema ni za watoto wa watu," akasema. Kisha ndipo akalia, kilio chote kilichokuwa kimezuiliwa, na kwa shida akatoa maneno mengine: "Kumbe nilimtandikia mwenyewe."

Ubao haukulowa tena. Niliukagua kila kiangazi kwa miaka, kwa kisingizio cha kukaza misumari, na Mama aliniacha niseme kisingizio changu. Mzee Bernardo alifariki mwaka uleule vita vilipokwisha. Nilimweleza kisa hiki kabla hajaondoka, akaniuliza tu kama niliacha alama.

Baada yake nimeweka sakafu nyingi, za mbao na za plastiki, shuleni, zahanati, nyumba za watu. Mteja akiniuliza achague ipi, humwuliza kwanza anamsubiri nani. Wengi huona mzee amechanganyikiwa, wakachagua plastiki, na sakafu zao ziko salama mpaka leo.

Kazi yangu ya mwisho, ile mliyoniona nikiifanya peke yangu nikakataa msaada wenu, ilikuwa jeneza la Mama Deusi. Aliagiza mwenyewe kabla hajafa. Nilikwenda Nyamiaga, Skola akanishikia mlango, nikaung'oa ubao wa kwanza. Chini yake udongo wa Keza ulikuwa umegandamana na umebaki na mchoro wa kikapu. Ubao huo niliuweka kwenye kifuniko, alama ndani, juu ya kifua chake. Udongo tuliumwaga kaburini.

Pale mlangoni pakabaki pengo. Skola alisema niweke chochote, akaniletea kipande cha plastiki kilichobaki kwenye maboksi ya kaka yake, bado kipya baada ya miaka yote ile. Nikakikata, nikakibandika, nikasimama juu yake kwa miguu yote miwili. Kisha nikatoka, nikaingia tena, nikamwuliza aliyekuwa jikoni kama amenisikia.

"Hapana," akajibu Skola.